Baada ya Alama ya Kuuliza

Niliiona bei ya kobalti ikianguka kabla sijaisikia redioni, nami sikuwa mchimbaji wala mnunuzi. Niliiona kwenye anwani za tovuti ya mabasi.

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi moja karibu na soko kubwa la Kolwezi. Mwenye mabasi alikuwa mama mmoja wa familia ya Kiislamu iliyotoka Kasongo, kule Maniema. Baba yake alifika Katanga na lori moja la mawese na samaki wa chumvi. Yeye alibadilisha lori likawa mabasi, na mabasi yakawa yanakwenda Fungurume, Likasi na Lubumbashi, na upande wa magharibi hadi Kisenge, majira ambayo barabara inapitika. Sote tulimwita Mama, hata madereva waliomzidi umri.

Mimi ndiye niliyemtengenezea ukurasa wa kuweka nafasi. Wateja wengi walikuwa na simu ndogo zenye vioo vilivyopasuka, hawapendi kujaza visanduku. Kwa hiyo nikatengeneza viungo. Mama anakutumia kiungo kwa simu, unakigusa, ukurasa unafunguka huku visanduku vimeshajaa: unatoka wapi, unakwenda wapi, utarudi au hutarudi. Unabaki kuandika jina lako tu.

Yote hayo yanafanywa na mkia wa anwani. Jina la ukurasa likiisha inakuja alama ya kuuliza, na baada ya alama hiyo yanafuata maneno mawili mawili yaliyounganishwa kwa alama ya usawa: depart=kolwezi, halafu arrivee=likasi, halafu retour=oui. Depart ni unakotoka, arrivee ni unakofika, retour ni kurudi; oui ni ndiyo, non ni hapana. Programu yangu iliusoma mkia ule jozi kwa jozi na kuweka kila neno kwenye kisanduku chake. Mtu akibadilisha kisanduku, programu inaandika upya mkia, ili akitaka kumtumia mwenzake anwani ile, mwenzake aone safari ileile. Kusoma, kuweka, kufuta. Amri zenyewe zilikuwa hizo tu, na nilizipenda kama mtu anavyopenda visu vyake vya jikoni.

Jioni, kabla ya kufunga, nilikuwa napitia anwani zilizofunguliwa mchana kutwa, nione kama kuna kilichokwama. Ndipo nikaanza kuona retour=non nyingi kuliko kawaida. Anayekwenda kuuza kitu anarudi. Anayekwenda msibani anarudi. Hata anayekimbia mke anarudi. Sasa watu walikuwa wanaondoka Kolwezi na hawasemi watarudi. Baadaye wengine wakaacha kisanduku kile kitupu kabisa: retour, alama ya usawa, halafu hakuna neno. Nilitazama ule utupu bila kujua maana yake.

Haikupita muda tukajua. Vibanda vya wanunuzi kando ya barabara vilifungwa kimoja kimoja, mizani ikaondolewa, mabango ya bei yakabaki yanapigwa na upepo. Wanaume waliokuwa wakibeba magunia waliuza pikipiki zao. Kule mtaa wa Kasulo, akina mama waliopikia wachimbaji bukari, yaani ugali, walirudi nyumbani na sufuria zilizojaa. Migodi mikubwa nayo ilisimamisha vibarua. Lakini mashimo yake hayakusimama. Yaliendelea kupanuka, kana kwamba ile bei iliyoanguka ilikuwa imetumbukia humo ndani na wao wanaitafuta.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na shimo mojawapo. Nilikuwa naishi na Tata, baba yangu, mstaafu wa kampuni ya serikali, mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa misa ya asubuhi. Mama mzazi alikuwa ameshafariki. Kila alasiri honi ililia upande wa shimo, Tata akafunika sufuria kwa kifuniko, tukanyamaza, halafu baruti ikalipuka na unga wa plasta ukaanguka mezani. Nyufa za ukutani aliziziba kwa saruji. Ufa ulizunguka kile kiraka ukaendelea na safari yake. Wakati mwingine tuliwaona watu wenye vyombo vya miguu mitatu wakipima barabara yetu, na ukiwasalimia wanaitikia vizuri sana, kwa upole unaomtia mtu wasiwasi.

Siku moja akaja ofisini mwanaume mwenye buti safi. Alisema anashughulikia usafiri kwa niaba ya mgodi, na kwamba kuna watu watakaohamishwa. Hakusema watu gani. Mabasi ya Mama yalikuwa yamesimama uani kwa kukosa abiria, kwa hiyo Mama alimpa kiti akaniita nisikilize.

"Nataka adresi moja," yule bwana aliniambia. "Muntu anafinya, anaandika jina yake, basi. Asichague kintu ingine."

"Hata kwenye anaenda, asichague?"

"Kwenye anaenda kunajulikana."

"Na kurudia?"

"Weka non. Halafu ficha kale kasanduku, basikaone."

Nilimweleza kwamba mkia wa anwani uko wazi. Mtu yeyote anaweza kufuta neno moja kwa kidole akaandika lingine.

Alicheka. "Bale bantu? Habajue hata kama kuko mukia." Kisha akamgeukia Mama, "Basi fungia mu programu. Adresi ikisema wanaenda fulani, wanaenda fulani."

Nikafanya alivyotaka. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nikaongeza neno jipya kwenye mkia, groupe, na nikaandika kwamba neno hilo likionekana, programu isome depart na arrivee, ivifiche visanduku, na retour iwe hapana. Nikampa maelezo ili aandike anwani zake mwenyewe.

Alinitumia ya kwanza ili niijaribu. Nilikuwa nakula muhogo wa kuchoma nje ya ofisi. Niliifungua kwa mkono mmoja, nikaangalia mkia wake kama nilivyozoea, na kwenye depart nikakuta jina la mtaa wetu.

Sitaliandika hapa jina lile. Nilifikiri amekosea. Nikalisoma tena, herufi kwa herufi, kama mtoto anayejifunza kusoma. Arrivee ilikuwa sehemu ambayo hatujawahi kumpeleka mtu, uwanda mtupu nyuma ya kilima cha mawe yanayotupwa na mgodi. Hakuna kituo pale. Hakuna kisima. Retour=non.

Niliingia ndani. Mama alikuwa ametoka kuswali alasiri, bado anakunja mkeka. Nikamgeuzia simu.

"Hapa si ni kwenu?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kuko muntu alisha kuwaambia?"

"Hakuna."

Alikaa. Mkeka ukabaki magotini mwake. Alisema, "Sisi tulitoka Kasongo na bitu juu ya kichwa. Hakuna mwenye alituuliza munaenda wapi. Tulienda kwenye barabara ilikuwa inaenda." Akanitazama. "Rudia kwenu. Ambia tata yako."

Nilimkuta Tata uani, sufuria imeshafunikwa, honi imeshalia. Tukangoja mlipuko upite. Kisha nikamwambia wanakuja kubomoa.

"Nani alisema?"

"Nilisoma, Tata. Mu adresi ya bisi."

"Bisi njo inajua nyumba yangu kunipita mi?"

"Tata, nakuomba. Tutoshe manjanja ya juu ya nyumba, tutoshe milango. Tubipeleke kwa tantine, dada yako, kule Likasi mbele bafike."

Alikasirika, akaingia ndani. Nilidhani ndio mwisho wa maneno. Lakini tulipokaa kula alianza kusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Zamani, nikiwa sijazaliwa, majirani zake wenye asili ya jimbo jingine waliambiwa kwamba si watu wa hapa, ingawa wengine walizaliwa na kuzika wazazi wao hapahapa Kolwezi. Walikwenda kulala kituo cha gari moshi na watoto wao, wakingoja mabehewa yasiyofika. Tata alikwenda kumwona mwenzake wa kazini, fundi waliyekula naye sahani moja. Akamkuta ameketi juu ya sanduku.

"Nilimuuliza, unakosa nini? Akaniambia, maji. Nikaenda kutafuta maji. Kurudia, treni ilisha kufika, alisha kuenda." Tata aliusukuma mchuzi wa sombe, yale majani ya muhogo, pembeni ya sahani. "Bale balikuwa bageni, balisema. Lakini mi? Mi nilitumikia hii muji. Banaweza kunitosha namna gani?"

Niliona anaogopa, na kwamba hasira yake ilikuwa njia ya kuusimamisha ule woga.

Majirani walinisikiliza kuliko yeye. Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba na simu mkononi. Wengine walinifukuza. Wengine waliutazama ule mkia wa anwani bila kuuelewa, kisha wakanitazama usoni, na hapo wakaelewa. Mchana huohuo nikasikia misumari ikilia. Mabati yalikuwa yanashuka. Milango, fremu za madirisha, vyungu vya maua, hata miti ya mapapai waliing'oa na mizizi yake. Ilitisha kuona mtaa unajivua wenyewe namna ile, bila tangazo, bila askari, nyumba zimebaki vifua wazi chini ya jua. Mkuu wa mtaa alipita akiuliza nani analeta uvumi. Hakuna aliyenitaja. Lakini tangu siku hiyo kuna gari lililokuwa linasimama pembeni ya njia yetu, vioo vyeusi, injini inanguruma, halafu linaondoka.

Gari la tangazo lilifika baadaye, na kipaza sauti chake, likisema tulichokuwa tumeshakijua. Nyumba zikachorwa misalaba myekundu. Ujumbe ukaingia kwenye simu za watu: anwani ya yule mwenye buti safi.

Kabla ya mabasi kuanza, Mama aliniita.

"Ile kasanduku ulificha," alisema, "ya kwenye muntu anaenda. Unaweza kuifungula?"

"Naweza, Mama. Lakini atajua."

"Atajua. Bisi yangu inapeleka muntu kwenye anaenda. Haipeleke muntu kwenye banamutupa."

Nikakaa kwenye kompyuta. Niliandika kwamba likionekana neno groupe, programu isome arrivee, iifute kwenye kisanduku, halafu ionyeshe miji yote tunayofika, mtu achague. Na retour nayo ikafunguka. Mkia wa anwani juu ya ukurasa niliuacha vilevile, usijiandike upya, ili yeyote atakayechungulia aone maneno ya yule bwana, uwanda na hapana yake, huku chini yake mtu anachagua Likasi. Nilikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena. Sikuwahi kuiogopa programu niliyoiandika mwenyewe mpaka siku ile.

Waliokosa simu walikuja kwenye ua wa parokia yetu, mabasi yalipokuwa yanapakia, nikawaandikisha kwa simu yangu. Askari walikuwa wamesimama langoni, wamepumzisha bunduki mabegani. Akaja mjane wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mama aliyekuwa anauza makala, makaa ya kupikia, mikono yake haikuwa inatakata hata siku ya Pasaka. Alichagua Fungurume, kwa binti yake. Nikabonyeza, nikafika kwenye kisanduku cha mwisho.

"Hapa banauliza nini?" akasema.

"Banauliza kama utarudia, Mama."

"Na umeweka nini?"

"Non."

"Juu ya nini unaweka non? Mi nilisema sitarudia?"

"Mama, nyumba itavunjwa."

"Nyumba ni nyumba. Mi nakuuliza juu yangu. Weka nitarudia."

Nikagusa kisanduku kile, nikafuta non, nikaandika oui. Tiketi yake ikatoka na safari mbili, kwenda na kurudi. Aliitazama, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Yule aliyemfuata akasema, "Na mi vilevile." Na aliyemfuata. Niliandika oui mpaka simu ikaanza kuchemka mkononi.

Tata hakuja uani. Kila basi lilipoondoka nilikwenda nyumbani kumwomba. Alikuwa ameketi barazani na koti lake la Jumapili, nyumba yetu peke yake ikiwa na mabati kichwani.

"Nitaenda na ya mwisho," alisema.

Hakukuwa na ya mwisho. Kule uwandani msimamizi wa mgodi alikuwa anangoja umati, akaona mabasi yanateremsha wazee wachache wasio na ndugu wa kuwapokea, na mabeseni. Yule mwenye buti safi aliingia ofisini bila kubisha hodi. Aliweka simu yake mezani mbele yangu, ukurasa umefunguka, orodha ya miji imejitandaza.

"Nani alifungula hii?"

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akanitangulia.

"Ni mi."

"Wewe, Mama, unajua kuandika programu?"

"Bisi ni yangu. Programu ni ya bisi."

Yule bwana alimtazama. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Sawa," akachukua simu yake akatoka, na ile sawa ilinitisha kuliko matusi. Saa hiyohiyo mabasi yalirudishwa uani mwa ofisi. Asubuhi iliyofuata yalikuja malori ya kubebea mawe ya mgodi, yale yenye magurudumu marefu kuliko mtu, na nyuma yake askari, na nyuma ya askari buldoza.

Nilimwona Tata akipandishwa. Hawakumpiga. Askari wawili walimshika kwapani, kwa adabu kabisa, wakisema "Pole, tata, pole," kama wanaomsaidia mgonjwa. Alishika ukingo wa lori akatazama nyumba mpaka ukuta wa mbele ulipoinama. Mimi nilikatazwa kupanda kwa sababu jina langu halikuwemo katika orodha yao ya wenye nyumba. Nikatafuta pikipiki. Nilipofika uwandani nilimkuta ameketi chini, koti limekuwa jeupe kwa vumbi la mawe, amezungukwa na watu waliochelewa kama yeye. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanatazama walikotoka, na kwa sababu kilima kile cha mawe kilisimama katikati, hakuna walichoona.

"Kuko maji?" Tata aliniuliza.

Hayakuwepo. Nilikuwa na chupa moja begani. Alikunywa kidogo, akampa aliye karibu naye.

Tulimtoa pale kabla mvua hazijaanza. Dereva mmoja wa Mama alikuja na basi bila kuambiwa na mtu, na siku hiyo hakukuwa na anwani wala kisanduku. Watu walipanda, wakasema wanakokwenda kwa mdomo. Lakini Mama alishaanza kulipa ile sawa. Mabasi yake yakawa yanazuiwa kila kizuizi cha barabarani. Mara karatasi hii haipo, mara taa ile haiwaki. Abiria walichoka kulala njiani. Akauza moja, kisha jingine, mwishowe akafunga ofisi, akahamia Lubumbashi kwa mdogo wake, anauza vitenge. Nilipomwambia kwamba yote yametokana na mistari michache niliyoiandika, alinikatiza: "Wewe uliandika. Mi njo nilisema andika."

Wakati ofisi bado iko wazi, yule mjane wa makala alirudi. Aliingia asubuhi na tiketi yake imelainika kama kitambaa, akaifungua mezani. Upande wa kurudi ulikuwa umeshatumika. Alikuwa ametoka Fungurume nayo, na dereva alimteremsha mjini kama tiketi ilivyosema.

"Bisi ilinifikisha hapa tu," alisema. "Hapa siyo kwetu."

Niliomba ruhusa nikamsindikiza. Tulitembea mpaka mahali barabara yetu ilipokuwa inaanzia. Palikuwa na ukuta mpya wa matofali ya saruji, na juu yake seng'enge, na nyuma yake mashine tusizoziona zikinguruma. Mlinzi alitutazama. Mjane aliweka kiganja chake cheusi juu ya ukuta, akakiondoa, akaona alama yake imebaki. Niliona mlinzi anatoa simu, anatupiga picha. Nikamshika mkono tukaondoka, tukijizuia tusikimbie.

Siku hizi niko Lubumbashi, naandika programu za duka la dawa. Tata yuko Likasi kwa dada yake. Nikiwatembelea nakuta mambo yaleyale. Shangazi amempa chumba chenye kitanda kizuri cha mbao, lakini analala juu ya godoro sakafuni, na nguo zake ziko kwenye mfuko, hazijawahi kuingia kabatini. Viatu vyake vimekaa mlangoni vikitazama nje, kamba zimelegezwa tayari.

"Kaka," shangazi alimwambia mbele yangu mwezi uliopita, "hii nyumba ni yako. Hakuna mwenye atakutosha hapa."

"Ndiyo," Tata alijibu. "Najua."

Shangazi aliinama akavichukua vile viatu ili aviweke chini ya kitanda.

"Viache," alisema Tata.